Hesabu ya sungura asiyezaa

"Dada, huyu sokoni anauzwa shingapi?"

Ndo swali la kwanza aliloniuliza daktari wa mifugo pale dukani kwake Mwanjelwa, hapa Mbeya, hata kabla hajaniuliza anaumwa nini. Salio, sungura wangu, alikuwa ndani ya boksi la biskuti juu ya meza, masikio yamejaa magamba ya kahawia mpaka ndani kabisa, yamepandana yamekauka kama maganda ya karanga, anatikisa kichwa, anajikuna kwa mguu wa nyuma, anatikisa tena. Nikamwambia mi sijui, labda elfu kumi na tano, labda ishirini akinenepa. Daktari akachukua kalamu akaandika nyuma ya risiti: sindano ya kwanza, sindano ya pili baada ya wiki mbili, dawa ya kidonda cha mguu. Akajumlisha, afu akanigeuzia kile kikaratasi nione mwenyewe.

Jumla ilimzidi sungura.

"Nakwambia tu mapema," akasema, "wengine wanakuja kunilaumu baadaye."

Hakuwa na ubaya wowote, nilimlipa na akamtibu vizuri. Ila lile swali limenikaa kichwani wiki na wiki, napika linakuja, niko kwenye bajaji linakuja. Kazi yangu ni hesabu. Nakaa ofisi ya saccos, kutwa nzima naangalia namba za watu zinavyokataa kukaa sawa, afu leo naonyeshwa namba yangu mwenyewe imekataa na mi huyo nafungua pochi nalipa.

## Alikotoka

Kama uko Mbeya au Iringa au Njombe huna haja ya kuelezwa ule upepo wa sungura wa mkataba. Unanunua mbegu na mabanda kwa wakubwa, wakubwa wanasaini kwamba watanunua watoto wote kwa kilo, we kazi yako majani na maji. Jirani yetu mmoja, fundi wa kuchomelea, aliingia. Mwisho wake mnaujua: ofisi ikafungwa, simu ikawa haipatikani.

Sungura wakaliwa mmoja mmoja. Wengine wakauzwa bei ya kutupa, wengine waliharisha wakafa. Siku fundi anang'oa mabanda auze chuma chakavu, mmoja alikuwa bado yumo, amejibana kwenye kona, na mwanangu alikuwa pale anaangalia kama watoto wanavyoangalia kila kitu kinachobomolewa. Akaja mbio. Mama, yule wa mwisho wanamchinja leo.

Nikaenda. Fundi akasema mchukue tu, hana hata nyama. Jina nimempa mimi, watu wa hesabu mtanielewa.

Nilipomfikisha nyumbani nikamgeuza kidogo niangalie miguu. Sungura hana zile nyama laini za chini ya mguu alizonazo mbwa na paka, ana manyoya tu, sasa ukimweka juu ya waya miezi na miezi yale manyoya yanaisha, ngozi inachubuka, mwisho kidonda kinaingia ndani. Salio alikuwa anasimama kwa kuhamishahamisha uzito, mguu huu, mguu ule. Nikatandika nyasi kavu kwenye kona ya stoo. Alikaa palepale nilipomuweka mpaka usiku, hakula, na mi sikujua kwamba sungura akikaa siku nzima bila kula hiyo tayari ni dharura maana tumbo lake halitakiwi kusimama, chakula kinatakiwa kiwe kinapita muda wote. Bahati alikula alfajiri.

## Hesabu iliyokuwa sahihi

Fundi bado analo daftari lake. Jioni moja alikuja kuangalia hali ya mgonjwa, ndivyo alivyosema, akakaa kwenye kigoda pale uani akanionyesha mchanganuo aliofundishwa kwenye semina.

Majike watano. Mimba ya sungura ni siku 31 hivi, hilo kweli kabisa, na akishazaa anaweza kupandishwa tena mapema tu. Kwa hiyo weka uzao mara sita kwa mwaka. Kila uzao weka watoto saba, ambayo nayo siyo uongo, kuna wanaozidisha hapo. Tano mara sita mara saba: 210. Zidisha kwa kilo, zidisha kwa bei ya mkataba, toa gharama, na chini kabisa kaandika kwa kalamu nyekundu "bati".

Nilipitia kwa jicho la kazini mstari kwa mstari. Haina kosa.

"Ndo inaniuma hiyo," akasema. "Ningekuwa nimekosea kuzidisha ningejilaumu nikapumzika."

Na siyo wa kwanza kuwekewa sungura kwenye karatasi. Mwaka 1202 Mwitaliano mmoja wa Pisa tunayemjua kama Fibonacci, ambaye hizi tarakimu tunazotumia alijifunza akiwa kijana kule Algeria ambako baba yake alikuwa kikazi, aliweka swali: ukifungia jozi moja ya sungura mahali palipozungushiwa ukuta, na kila jozi ikizaa jozi nyingine kila mwezi, na watoto wakianza kuzaa mwezi wa pili, mwaka ukiisha utakuwa na jozi ngapi? Jibu lake lilikuwa 377. Watu wa hesabu wanalipenda mpaka leo na mi nililipenda chuoni. Lakini angalia humo ndani ya ule ukuta: hakuna sungura anayeugua, hakuna anayekufa, hakuna anayetafutiwa majani kwenye mvua ya mwezi wa tatu, na hakuna anayetakiwa kununuliwa na mtu. Fibonacci alikuwa anafundisha kujumlisha, hakuwa anamkopesha mtu hela.

Kwenye daftari la fundi mstari uliokosekana ni nani Mbeya anakula sungura. Kuku tunakula, ng'ombe tunakula, kitimoto ndo usiseme, samaki wa Kyela wanaisha mapema sokoni. Sungura mi nimeshakula, nyama yake nyeupe laini haina mafuta mengi, ntakuwa mwongo nikisema mbaya. Ila umeshaona wapi bucha ya sungura? Mnunuzi alikuwa mmoja tu, na ndo huyohuyo aliyeuza mbegu. Sasa mtu anayekuuzia mbegu kwa bei ile, afu yeye peke yake ndo soko, kinachomlisha ni nini, watoto wa sungura wako au wanunuzi wapya wa mbegu? Hilo halikuandikwa popote kwenye mchanganuo na hakuna anayelikuta kwa kuzidisha.

## Sindano ya pili

Ugonjwa wenyewe ulikuwa utitiri wa masikio. Wadudu wadogo sana wanakaa ndani ya sikio wanakula ngozi, ngozi inatoa maji, yanaganda, magamba yanapandana. Kishawishi kikubwa ni kuyabandua. Usibandue, chini yake ni kidonda kibichi na sungura anaumia vibaya mno, ukipiga sindano ya ivermektini yanadondoka yenyewe taratibu. Sindano inarudiwa kwa sababu dawa inaua wadudu haiui mayai, kwa hiyo unawasubiri walioanguliwa.

Basi nikarudi Mwanjelwa kwa ile ya pili. Masikio yalikuwa yameanza kuonekana ya pinki, ya kweli, na mishipa yake. Daktari akamlaza chali mapajani kwake aangalie kidonda cha mguu, akatazama, akabonyeza kidogo kwa kidole gumba, akaniangalia.

"Ulisema jike?"

Fundi ndo alisema jike. Fundi aliuziwa jike, ameandikiwa jike, kwenye daftari ni jike namba nne.

"Huyu dume, dada."

Sikuweza kujizuia, nilifanya hesabu palepale dukani. Majike wanne mara sita mara saba ni 168. Watoto 42 walikuwa wanazaliwa kila mwaka kwenye daftari na mama yao ana korodani.

Nilijua fundi atacheka, na kweli nilipomwambia alianza kucheka, afu akaacha. Akasema ndo maana. Kila alipompeleka kwa dume walipigana mpaka damu, akadhani jike halijapevuka. Alivyokuwa mdogo huwezi kutofautisha kirahisi kama hujafundishwa vizuri, na alivyokuwa mkubwa nani atahangaika kumgeuza mnyama ambaye tayari ana karatasi? Alipiga simu kule kwa wakubwa, kipindi hicho simu bado inapokelewa. Akaambiwa huyo jike ana mafuta kwenye kizazi, mpunguzie chakula.

Akampunguzia.

Tulikaa kimya. Fundi siyo mtu mbaya, mnielewe hapo, deni lake la saccos amelipa lote kwa kuchomelea mageti ya watu. Watu wakiniona na Salio wananiambia hongera umemuokoa, na kuna namna wanalisema hilo neno huku wanaangalia upande wa nyumba ya fundi. Mi silipendi. Aliyemnyima chakula alikuwa anafuata maelekezo aliyolipia.

## Majani

Sasa niseme kidogo kuhusu chakula, kwa sababu nimetafuta sana na mengi yameandikwa na watu ambao kwao hakuna hata mti mmoja tulionao sisi.

Nyanda za Juu huku tumezungukwa na parachichi, kila uwanja una mti, na majani yake yanadondoka popote. Kwa sungura ni sumu. Majani, gome, tunda, vyote, kuna kitu kinaitwa persini kinaharibu moyo. Majani ya viazi mviringo nayo usimpe, ingawa ndo yanayopatikana bure ukienda upande wa Isongole msimu wa kuvuna. Matembele sawa. Mashona nguo anayapenda kupita kiasi. Majani ya karoti ndiyo, karoti yenyewe kipande tu maana ina sukari. Kabichi kidogo sana, inajaza gesi, na sungura hawezi kutapika kabisa, kilichoingia kimeingia.

Lakini mlo wenyewe ni nyasi, nyasi kavu nyingi, muda wote. Meno yake hayaachi kukua maisha yake yote, yale ya mbele yanaweza kuongezeka zaidi ya sentimita kumi kwa mwaka kama hayasagiki, na kinachoyasaga ni nyasi. Mi nachukua kwa mama mmoja anayefuga ng'ombe wa maziwa Uyole, fungu moja linatosha muda mrefu. Usishtuke ukimkuta alfajiri anakula kinyesi chake moja kwa moja kutoka nyuma, ile laini inayong'aa, ni chakula kinapita mara ya pili na bila hiyo anakosa virutubisho.

Dawa ndo naomba mtu asome mara mbili. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye fipronili inaua sungura. Na amoksilini ya kunywa, ile ambayo kila nyumba ina vidonge vilivyobaki kwenye droo, inaua bakteria wazuri wa tumboni na sungura anaweza kufa baada ya siku chache huku we unadhani unamtibu.

Kuhusu baridi watu walinitisha bure. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na mwezi wa sita na wa saba tunavaa makoti ndani ya nyumba, Salio yeye ndo kwanza anachangamka. Mradi pakavu na upepo haumpigi. Joto ndo adui yake, la Dar lingemtesa.

## Wa kazi gani

Mama alikuja kutoka Tukuyu na ndizi na maharage. Nikamsalimia, akakaa, akanywa chai, afu akamwona Salio anakatiza sebuleni.

"Huyu naye mnamfuga?"

"Ndiyo mama."

"Mtamla lini?"

"Hatumli mama."

"Anazaa?"

"Dume."

Mama akanyamaza, akatafakari kwa haki kabisa, siyo kwa dharau. Kwake mbwa analinda, paka anashika panya, ng'ombe hata asipokamuliwa anatoa mbolea. Akauliza kama kinyesi cha sungura kinafaa bustanini. Nikamwambia kinafaa sana, hakiunguzi mimea, unaweza kukiweka hivohivo bila kukiozesha. Uso ukafunguka. "Ndaga," akashukuru kwa Kinyakyusa, "basi ana kazi."

Mi nilitaka kufurahi na sikufurahi. Kwa sababu sikumchukua kwa ajili ya mbolea, na nilikuwa nimeshaanza kuitumia hiyo mbolea kama utetezi kila mtu akiniuliza. Hata kwa mume wangu niliitumia.

Na kuna hili. Wiki ileile ya sindano ya pili mdogo wangu alinitumia meseji anaomba hela ya kumalizia ada ya chuo. Nilimtumia, siyo yote, iliyobaki nikamwambia asubiri mwisho wa mwezi. Alisubiri, hakulalamika, wala hajui habari za sindano. Lakini mimi najua zilitoka kwenye pochi moja. Mtu asiniambie hizo ni hela tofauti, nimesoma uhasibu, hakuna hela tofauti.

## Safu mbili

Hapo ndo nilipokwama muda mrefu, na kilichonikwamua kidogo ni kazi yenyewe.

Mezani kwangu kitu huwa kinakaa upande wa mali au upande wa deni. Bei ya sungura sokoni ni mali, ni kiasi utakachopata ukimuuza. Sindano siyo bei yake. Sindano ni kitu ninachodaiwa mimi tangu nilipombeba kwenye lile boksi, kwa sababu alipokuwa kwa fundi alikuwa na njia yake, fupi na mbaya lakini njia, na mi ndo niliyeikata. Daktari alichukua namba ya safu hii akailinganisha na namba ya safu ile. Mwanachama wangu akiniletea hesabu hivyo namrudishia. Hata Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inakataza kumtesa mnyama, haijaweka sharti kwanza awe wa bei kubwa.

Nikaridhika na hilo siku kadhaa, afu likaanza kuvuja. Kama ni deni, mbona naweza kulikwepa kwa wengine wote? Wale wenzake waliliwa mtaa huohuo, na nilisikia harufu ya supu na nikaisifia. Jumapili nachinja kuku aliyekulia uani kwangu, naye nilimnunulia chanjo ya kideri. Mstari nimeuchora mahali fulani kati ya Salio na huyo kuku, na nikiulizwa kwa nini hapo sina cha kusema zaidi ya kwamba mtoto alikuja mbio.

Salio mwenyewe hasaidii. Angekuwa mbwa angenipokea getini na swali lingeisha. Huyu hapendi kubebwa kabisa, ukimnyanyua moyo unamwenda mbio, maana kwa mnyama anayewindwa kunyanyuliwa juu maana yake moja tu. Bajaji ikipiga honi nje anapiga mguu chini kwa nguvu, tahadhari kwa kundi ambalo halipo. Anakuja karibu pale tu nikiwa nimelala chini kwenye mkeka na sina habari naye. Mara moja moja usiku anaruka juu ghafla, anajipinda hewani kichwa huku miguu kule, anatua, anakimbia, anaruka tena, nimesoma ndo wanavyofanya wakifurahi. Mara ya kwanza nilidhani ni kifafa nikampigia daktari.

Simu usiku, ya sungura. Daktari alicheka mpaka akakohoa. Lakini bei hakuuliza tena.

## Mpango uliopo

Sungura siyo mnyama wa kuishi peke yake, na akitunzwa anaweza kufika miaka minane, kumi, hata zaidi. Ni muda mrefu wa kupigia kundi mguu.

Fundi, ambaye sasa anapita kila akitoka kazini na mashona nguo mkononi, ameniambia kuna mwenzake wa semina ileile upande wa Uyole amebakiwa na jike mmoja. Nimemuuliza una uhakika ni jike. Akasema huyu ameshazaa, hapo hata mimi sidanganyiki.

Kwa hiyo Salio inabidi ahasiwe kwanza. Nimesita sana. Dawa ya usingizi kwa sungura ni ya hatari kuliko kwa mbwa, na nilimuuliza daktari wazi ameshafanya kwa sungura au anataka kujifunzia kwangu. Ameshafanya. Nikamuuliza atamlaza na njaa? Akasema hapana, sungura hafungi kabla ya upasuaji, hatapiki na tumbo halitakiwi kusimama. Hilo ndo jibu nililokuwa namtegea, kwa hiyo tumepanga Jumamosi. Gharama sijaiandika hapa na kwenye daftari la nyumbani nimeiandika "matengenezo".

Jike hatakuja siku hiyo. Dume akishahasiwa anaweza kutia mimba bado kwa wiki kama sita, mbegu zilizobaki hazijui kama mfereji umekatwa. Nilipomweleza fundi akafungua lile daftari lake kwenye ukurasa mweupe, akahesabu wiki kwa vidole, akanionyesha tarehe aliyoizungushia kalamu nyekundu.

"Ukimleta kabla ya hapo," akasema, "mwaka huu tuko 42."